Jangwani au nyikani? Mahali Yesu alipojaribiwa siku arobaini

*"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwinjilisti katika usharika wa vijijini, na waumini wangu wengi ni wafugaji. Katika Mathayo 4:1, Biblia ninayotumia, ile ya Union Version, inasema Yesu alipandishwa na Roho 'nyikani', lakini mwenzangu anayetumia Biblia Habari Njema anasoma 'jangwani'. Mhubiri mmoja alitufundisha kwamba Kigiriki kina maneno mawili tofauti, na kwamba hilo la Mathayo maana yake ni jangwa la mchanga lisilo na tone la maji, mahali ambapo Mungu husema na watu wake. Mzee mmoja akaniuliza: kama ni hivyo, Yohana alibatizaje watu huko, na ni mchungaji gani huyo wa Luka 15 anayewaacha kondoo tisini na tisa mahali pasipo na majani? Sikuwa na jibu. Nauliza pia kwa sababu tumeanza kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha ya kwetu. Tunalo neno la mbuga ya malisho na neno jingine la nchi kavu iliyokufa, na hatujui tushike lipi."*

Marahaba, ndugu yangu. Mzee wako ameuliza swali la mtu anayeijua mifugo, na swali la namna hiyo husaidia kuielewa Biblia kuliko mahubiri mengi. Nitaanza na hilo la maneno mawili, kwa kuwa halihitaji maelezo mengi, kisha tukae zaidi kwenye ardhi yenyewe, na mwishoni tuitazame kazi yenu ya tafsiri.

Kigiriki hakina maneno mawili hapo. Neno ni moja, erēmos, na katika Agano Jipya limetumika karibu mara 50. Mathayo 4:1 ina neno hilo, Yohana 3:14, panapotajwa nyoka aliyeinuliwa na Musa, pana neno hilohilo, na Luka 15:4 vilevile. Tofauti unazoziona zimeingia katika Kiswahili, tena zimo hata ndani ya Biblia moja. Fungua Luka 3 katika Union Version yako: mstari wa 2 unasema neno la Mungu lilimfikia Yohana "jangwani", na mstari wa 4 unataja sauti ya mtu aliaye "nyikani". Ni mtu yuleyule, mahali palepale, na neno lilelile la Kigiriki, lakini msomaji anaweza kudhani Yohana alihama. Kwa jumla watafsiri wale, ambao Biblia yao kamili ilitoka mwaka 1952, walielekea kuandika jangwa walipokuwa wakizungumzia safari ya Israeli na Musa, na nyika walipomzungumzia Yohana Mbatizaji na Yesu, ingawa hawakushika kanuni hiyo kila mahali. Kwa hiyo wewe na mwenzako hamna Biblia zinazopingana.

Sasa maana yake. Erēmos kwa asili ni neno la sifa, na linachosifia ni kuachwa, kuwa bila watu, kuwa pweke. Wagiriki walipotaka kuitaja nchi ya namna hiyo walisema "hē erēmos", yaani "ile isiyo na watu", na neno nchi likaeleweka bila kutajwa. Tazama mahali lilipotumika pasipo ardhi yoyote. Katika mahakama za Athene, kesi ambayo upande mmoja haukufika kujitetea iliitwa dikē erēmos, kesi iliyoachwa bila mtu. Katika Wagalatia 4:27 Paulo ananukuu Isaya juu ya mwanamke asiye na mume, na mwanamke huyo anaitwa erēmos. Katika Mathayo 23:38, panaposemwa "nyumba yenu mmeachiwa hali ya ukiwa", nyuma ya neno ukiwa kuna erēmos. Huyo mwanamke hakuwa na mchanga, na Yerusalemu haukuwa jangwa. Wanachoshirikiana ni kuachwa.

Kiswahili kina jamii ya maneno inayofanana sana na hiyo. Ukiwa ni hali ya mahali palipobaki patupu, na mkiwa ni mtu asiye na wake wa kumtazama, kwa hiyo tunaweza kuisema nyumba na kumsema mtu kwa mzizi mmoja, kama Wagiriki walivyofanya. Bahati mbaya hatuna mazoea ya kuita eneo la nchi kwa mzizi huo. Hakuna mfugaji anayesema amepeleka mbuzi ukiwani.

Kwa hiyo erēmos peke yake haisemi lolote juu ya maji wala mchanga. Kigiriki kina neno jingine kwa mahali pasipo maji, anydros, nalo limo katika Mathayo 12:43, pale pepo mchafu anapopitia mahali pasipo maji akitafuta kupumzika. Mchanga nao una neno lake, ammos, lile la nyumba iliyojengwa na mpumbavu. Mwandishi anapotaka msomaji aone ukame husema hivyo waziwazi. Zaburi ya 63, katika tafsiri ya kale ya Kigiriki iitwayo Septuaginta, inataja nchi iliyo erēmos, isiyo na njia, na anydros. Lau neno la kwanza lingekuwa limekwisha kubeba maana ya kukosa maji, la tatu lisingehitajika. Kumbukumbu la Torati 8:15 nayo inapowakumbusha Waisraeli walikopita, inaongeza nyoka, nge, kiu na kukosa maji. Nyongeza hizo ndizo zinazoifanya nchi ile itishe.

Hapo ndipo mhubiri wenu alipoteleza kwa mara ya kwanza. Mara ya pili ni pale aliposema kwamba neno hilo maana yake ni mahali Mungu anaposema na watu. Najua hoja hiyo inakotoka, maana imeenea sana. Nyuma ya erēmos ya Septuaginta, mara nyingi, liko neno la Kiebrania midbar, na ndani ya midbar zimo herufi d, b, r, ambazo zimo pia katika dabar, neno. Wahubiri wakaunganisha. Lakini herufi hizohizo tatu zimo katika deber, tauni, na kwa hesabu hiyo midbar ingekuwa vilevile mahali pa tauni. Kufanana kwa sauti hakutoshi kuthibitisha maana, kama sisi tusivyosema kwamba kaa wa baharini anahusiana na kaa la moto kwa sababu majina yao yamelingana. Wataalamu wengi huihusisha midbar na kuswaga kundi kwenda malishoni, na matumizi yake katika Biblia yanakubaliana na hilo. Ni kweli kwamba Mungu alisema na Musa, na Eliya, na Yohana katika nchi ya namna hiyo. Hilo ni jambo la historia ya wokovu, na linaweza kuhubiriwa vizuri bila kulibebesha neno lenyewe.

Tuiangalie basi nchi. Mvua ya Palestina huja wakati wa baridi kutoka Bahari ya Kati, upande wa magharibi. Mawingu hupanda mgongo wa milima ambao juu yake ipo miji ya Hebroni, Bethlehemu na Yerusalemu, na yakipanda hupoa na kumwaga maji. Yerusalemu, ulio mita kati ya 700 na 800 juu ya bahari, hupata zaidi ya milimita 500 kwa mwaka, kiasi cha kutosha kwa mizeituni na mizabibu. Upande wa pili wa mgongo huo nchi huporomoka ghafla kuelekea Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari. Hewa inayoshuka huko hupata joto na kukauka, na ufukweni mvua haifiki milimita 100. Umbali wote huo, kutoka bustani za mizeituni hadi kwenye chumvi, hauzidi kilomita 30 hivi. Mteremko huo ndio nyika ya Uyahudi ya Mathayo 3:1.

Sura yake si ya Sahara. Ni vilima vya mawe laini ya chokaa, vyeupe na vya manjano, vilivyokatwakatwa na makorongo yenye kuta ndefu ambayo karibu mwaka mzima huwa makavu, kisha mvua ikinyesha juu mlimani hupitisha mafuriko kwa saa chache. Baada ya mvua za baridi miteremko hiyo, hasa ya juu karibu na mgongo wa milima, huota majani mafupi na maua kwa majuma kadhaa, na wafugaji hushusha kondoo na mbuzi wao huko. Wabedui wamefanya hivyo hadi nyakati zetu. Jua likikaza kila kitu hugeuka rangi ya udongo. Hakuna anayelima, hakuna kijiji, ila mifugo hupita. Daudi alipofika vitani, kaka yake Eliabu alimwuliza kwa dharau amemwachia nani wale kondoo wachache, na mahali alipotaja, katika 1 Samweli 17:28, ni midbar. Mtu wa Bethlehemu akitoka nyumbani kwake kuelekea mashariki huwa ameingia huko kabla hajachoka.

Mzee wako apewe jibu hilo. Mchungaji wa Luka 15 hakuwatelekeza tisini na tisa mahali pa kufa. Aliwaacha malishoni, walipokuwa tayari. Mathayo 18:12, inayosimulia mfano huohuo, inasema aliwaacha milimani, na msikilizaji wa Palestina asingeona mgongano wowote, kwa kuwa malisho yenyewe yalikuwa vilimani pasipo na watu. Ukiweka neno jangwa hapo, mwenye mifugo anaacha kumsikiliza Yesu na kuanza kumhukumu mchungaji, na kwa kweli ana haki.

Kuhusu ubatizo, mto Yordani unapita katikati ya nchi hiyo isiyo na watu. Karibu na Yeriko mto umezungukwa na ukanda mwembamba wa vichaka na matete, na ukitoka nje ya ukanda huo, hatua chache tu, unakutana na vilima vitupu vya udongo mweupe. Yohana alikuwa katika erēmos na alikuwa na maji ya kutosha. Yesu mwenyewe anaonyesha hivyo katika Mathayo 11:7, anapowauliza watu, "Mlitoka kwenda nyikani kutazama nini? Unyasi ukitikiswa na upepo?" Neno la Kigiriki hapo ni tete, na tete huota penye maji. Vilevile mwalike mhubiri wenu asome Marko 6 polepole. Mahali walipolishwa wale elfu tano panaitwa erēmos, lakini palikuwa na majani mabichi ya kukalia, na Yohana 6 inaongeza kwamba Pasaka ilikuwa karibu, yaani majira ya majani hayo. Wanafunzi wanapendekeza watu waende vijijini na mashambani kandokando wakanunue chakula. Jangwa la Sahara halina mashamba kandokando.

Pamoja na hayo sitaki utoke hapa ukidhani kwamba Yesu alikwenda kwenye mbuga nzuri. Marko 1:13 inasema alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu, na milima ile ilikuwa na chui na fisi. Barabara ya kushuka kutoka Yerusalemu hadi Yeriko, ambako mtu wa mfano wa Msamaria mwema aliangukia mikononi mwa wanyang'anyi, inakatiza humohumo. Njaa ilikuwapo, na joto, na upweke. Mapokeo ya kanisa yanauonyesha mlima ulio juu ya Yeriko kuwa ndio wa majaribu, ingawa Injili hazitaji jina. Mahali palikuwa pagumu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkimbilia, na neno erēmos linasema hilo barabara.

Lipo jambo moja ambalo neno jangwa hulihifadhi vizuri na nyika hulipoteza, na haki inanidai niliseme. Majibu yote matatu ambayo Yesu anampa Ibilisi katika Mathayo 4 yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Sura hiyo ya 8 inawakumbusha Waisraeli miaka arobaini waliyoongozwa ili wajaribiwe, na Septuaginta inasema ilikuwa katika erēmos. Miaka arobaini na siku arobaini, njaa na mkate, kujaribiwa: Mathayo anataka tuone kwamba Yesu anaipita njia ileile ambayo baba zetu wa imani waliipita wakaanguka. Msikilizaji wa Kigiriki aliusikia mwangwi huo katika neno lenyewe. Anayesoma "jangwa" kwa Musa na "nyika" kwa Yesu ananyimwa mwangwi huo, isipokuwa mwalimu amweleze. Biblia Habari Njema, inapoandika jangwani katika Mathayo 4:1, imeurudisha uzi huo, na kwa sura hiyo naipendelea. Kwa Luka 15, "nyikani" ya Union Version inafaa kuliko jangwani.

Watafsiri waliochagua nyika hawakubahatisha. Kwa mtu wa pwani, nyika ilikuwa lile pori kame la miiba lililo nyuma ya mashamba ya minazi, kama Taru iliyo njiani kutoka Mombasa kwenda bara, ambayo misafara iliiogopa kwa kiu. Watu wachache, maji haba, hatari nyingi, na bado mifugo na wanyama wapo: kwa sikio hilo nyika iliikaribia erēmos kuliko jangwa lilivyoikaribia. Siku hizi mtu wa bara akisikia nyika huwaza nyasi, twiga na magari ya watalii. Neno jangwa nalo limebadilika. Shule na picha zimelifunga kwenye mchanga na ngamia, ijapokuwa wakazi wa Dar es Salaam wanayo Jangwani yao kando ya mto Msimbazi, ambayo mvua zikizidi hujaa maji.

Nije kwenye Marko yenu. Katika Injili hiyo erēmos imetumika mara tisa, na inagawanyika vizuri sana. Mara nne ni jina la nchi, zote mwanzoni kabisa, 1:3, 1:4, 1:12 na 1:13. Hizo nne zipeni neno moja, bila kubadilisha hata mara moja, kwa sababu Marko anawaunganisha Yohana na Yesu kwa neno hilo. Mara tano zilizobaki, yaani 1:35, 1:45, 6:31, 6:32 na 6:35, erēmos inasifia neno "mahali". Hapo msitumie jina la nchi kame hata kidogo. Tafuteni msemo wa kawaida wa mahali pasipo na watu. Union Version ilifanya hivyo katika 1:35, Yesu alipokwenda alfajiri kuomba "mahali pasipokuwa na watu", na sijaona tafsiri ya Kiswahili inayoupita msemo huo.

Kati ya maneno yenu mawili, kwa maelezo uliyonipa, ningeelekea kwenye lile la malisho, lakini kwa masharti. Kama mbuga hiyo ni mahali ambapo watu hukaa mwaka mzima na watoto hucheza, neno litakuwa tamu mno, na mtalazimika kuliongezea sifa kama "isiyo na watu" au "kame". Kama nchi ile iliyokufa ni mahali ambapo hata mbuzi haingii, neno litakuwa kali mno, na litawatesa mtakapofika Luka 15. Angalieni pia kama watu wenu wamekwisha zoea neno fulani kwa safari ya Israeli, katika nyimbo au katika masimulizi ya kanisani. Neno likikwisha kukaa midomoni mwa watu kwa habari ya Musa lina nguvu kubwa, na pengine ningelichukua hilo hata kama si kamili, ili mwangwi niliokueleza usikike.

Uamuzi wa mwisho usiutoe kwa barua yangu. Kaa na wachunga mifugo wa zamani na akina mama wanaochota maji mbali, kila kundi kwa wakati wake, na usiwaulize "neno hili maana yake nini", kwa sababu watakupa jibu la kukuridhisha. Waulize: mtu akikwambia mwanao amekwenda huko peke yake siku arobaini, utaogopa nini? Utapeleka kundi huko mwezi gani? Unaweza kumkuta nani njiani? Halafu wasomee Marko 1:1-13 na uwaombe wakusimulie walichosikia. Na kabla hamjachapa chochote, fikeni kwenye ofisi ya chama cha Biblia cha nchi yenu mwonane ana kwa ana na mshauri wa tafsiri, kwa sababu huenda lugha yenu au lugha ndugu yake ina maandiko yaliyokwisha tafsiriwa, na itakuwa hasara Marko wenu akitofautiana nayo bila sababu.

Mtakutana na neno moja la ziada katika 8:4, pale wanafunzi wanapouliza watu hao watashibishwaje mikate huko. Kigiriki hapo ni erēmia, jina lililotokana na erēmos, na Union Version imeandika "nyikani". Wanafunzi hawalalamikii ukame wala joto. Wanalalamika kwamba hakuna mahali pa kununua mkate. Msemo mtakaokuwa mmeutumia katika sura ya 6 utafaa hapo pia.